Mtwara na makaburi ya wapiganaji wasiojulikana majina

KILA Julai 25, Watanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa kwa gwaride, ngao, mikuki na mashada ya maua. Mkoani Mtwara siku hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa ardhi ya ukanda huo imewapokea wapiganaji wa vita zaidi ya moja, wengi wao wakizikwa bila jina kuandikwa juu ya kaburi.

Chama cha FRELIMO kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 kilianza vita ya ukombozi wa Msumbiji Septemba 25, 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Tangu hapo Mto Ruvuma uligeuka kuwa njia ya silaha kwenda kusini na ya majeruhi kuja kaskazini. Majeruhi walibebwa kwa machela wakipita porini, kisha wakavushwa kwa mitumbwi hadi upande wa Tanzania.

Ili kuwahudumia, FRELIMO iliendesha hospitali yake mjini Mtwara. Hospitali hiyo ilipewa jina la Dk. Américo Boavida, daktari wa Angola na mwanachama wa MPLA aliyeuawa katika shambulio la Wareno Septemba 1968. Madaktari wa kujitolea kutoka nje, wakiwamo wa Bulgaria, walishirikiana na wauguzi wa FRELIMO. Mwaka 1970, Jenerali Kaúlza de Arriaga alipoanzisha operesheni kubwa ya kijeshi kaskazini mwa Msumbiji, mapigano yalizidi kuwa makali.

Si kila aliyevushwa alipona. Waliofariki walizikwa ugenini. Baadhi ya wapiganaji walitumia majina ya vita ili kuzilinda familia zao zilizobaki chini ya utawala wa Wareno. Siri iliyowalinda walipokuwa hai ndiyo iliyofuta utambulisho wao walipokufa.

Viongozi walipata heshima tofauti. Dk. Eduardo Mondlane, aliyeuawa kwa bomu Februari 3, 1969, na Josina Machel, aliyefariki Aprili 7, 1971, walizikwa katika makaburi ya Kinondoni, Dar es Salaam. Baada ya uhuru wa Juni 25, 1975, mabaki yao yalihamishiwa Maputo. Mpiganaji wa kawaida hakuwa na wa kumfuata.

Tanzania nayo ilipoteza vijana wake. Wanajeshi wa JWTZ waliokwenda kuisaidia Msumbiji dhidi ya RENAMO katika miaka ya 1980 na kupoteza maisha wanakumbukwa katika makaburi ya mashujaa ya Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara.

Historia ya makaburi yasiyo na majina katika eneo hilo ni ndefu zaidi. Aprili 1916 Wareno waliiteka Kionga, karibu na mdomo wa Ruvuma, na Septemba mwaka huo wakauvuka mto. Maradhi yaliwaua kuliko risasi. Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipambana vikali Mahiwa, mkoani Lindi. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya majeshi hayo walikufa kwa maelfu. Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina au hawakuenziwa kabisa.

Mwaka 2010 Daraja la Umoja lilifunguliwa juu ya Ruvuma, na mto uliovukwa kwa mitumbwi usiku sasa unavukwa kwa magari mchana. Wazee waliowaona majeruhi wakivushwa wanazidi kupungua. Kumbukumbu zao zisipoandikwa mapema, kaburi lisilo na jina litakuwa pia kaburi lisilojulikana lilipo, na familia ng'ambo ya mto itaendelea kumsubiri ndugu asiyerudi.