Madhara Yanayokuja Baada ya Siku Nyingi

Mtu akishika chungu kilicho motoni huungua papo hapo, naye huondoa mkono upesi. Maumivu yamekwisha mwonya. Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za kitu kiunguzacho pasipo kumwambia mtu neno lo lote, na jinsi wenye elimu walivyokuja kukifahamu kwa kutazama panya, sungura na mbwa.

Tarehe 8 Novemba mwaka 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ipenyayo nyama ya mwili na kuzuiwa na mifupa. Kwa kuwa hakuijua asili yake aliiita kwa herufi X, ambayo katika hesabu ni alama ya kitu kisichojulikana. Ndiyo eksirei. Kabla ya Krismasi mwaka ule alikuwa amekwisha piga picha ya mkono wa mkewe, mifupa yake na pete yake ikionekana waziwazi. Baada ya miezi michache tu waganga wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa na mitambo hiyo. Hakuna aliyeiogopa, maana mionzi haina harufu, haina joto, wala haiumi.

Katika karakana ya Thomas Edison huko Marekani alikuwako fundi mmoja, jina lake Clarence Dally. Kazi yake ilikuwa kujaribu mitambo, naye aliijaribu kwa kuweka mkono wake mwenyewe mbele yake. Nywele zilimtoka, ngozi ikaharibika, vikatokea vidonda visivyopona, na vidonda vikageuka kuwa saratani. Mikono yake ilikatwa kidogo kidogo, na mwaka 1904 akafariki, umri wake miaka 39. Edison aliacha kabisa kazi ya eksirei.

Walakini wengine walishikilia kwamba kinachodhuru ni umeme wa mtambo, si mionzi. Hapo ndipo wanyama walipoingia katika habari hii. Mwaka 1901 William Rollins, mganga wa meno wa mji wa Boston, alimtia simbilisi katika sanduku la chuma lililounganishwa na ardhi, umeme usipate kumfikia. Akampiga mionzi saa mbili kila siku. Hayakupita majuma mawili, mnyama akafa, wala ngozi yake haikuwa na alama ya kuungua. Basi ilidhihirika kwamba mionzi yenyewe yaweza kuua, tena yaweza kuua kwa ndani na nje pakiwa salama. Rollins aliandika habari hizo, na wenziwe wengi hawakumsikiliza.

Mwaka 1903 zilitoka habari nyingine mbili kutoka Ujerumani. Huko Leipzig, Heineke aliwapasua panya na simbilisi waliopigwa mionzi, akaona bandama na uboho wa mifupa vimeharibika. Huko Hamburg, Albers-Schönberg aliona jambo la ajabu zaidi: sungura dume na simbilisi dume walikula vizuri, wakawapanda majike kama desturi, lakini hawakuzaa. Kwa nje hawakupungukiwa na kitu.

Kwa nini madhara hukawia? Mwaka 1906 Wafaransa wawili, Bergonié na Tribondeau, waliokuwa wakichunguza panya, walitoa jawabu ambalo mpaka leo lafaa kwa sehemu kubwa. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, nazo huzaana kwa kujigawa. Zile zijigawazo upesi ndizo ziharibiwazo upesi. Mara nyingi chembe iliyopigwa haifi siku ile. Hufa inapojaribu kujigawa. Kwa hiyo uboho na matumbo, ambamo chembe hujigawa kila siku, huonyesha madhara baada ya siku chache au majuma. Lakini mafigo na mapafu hujigawa polepole, hata madhara yake hukaa yamefichwa. Mwaijua nguzo iliyoliwa na mchwa: yasimama, imepakwa chokaa vizuri, mpaka siku mtu aiegemeapo.

Hivyo ndivyo ilivyoonekana katika panya. Mapafu yaliyopigwa mionzi mingi huweza kuvimba baada ya miezi mitatu hata sita, kisha hukakamaa kwa makovu. Mafigo huchelewa pia. Panya hula na kucheza miezi mingi, ndipo aanzapo kunywa maji kupita kiasi, na kukonda, na damu yake kupungua.

Kisha kuna rediamu, madini waliyoyagundua Marie na Pierre Curie mwaka 1898. (Jina lake ni ndugu wa neno redio, maana yote mawili yatoka katika neno la Kilatini la mwonzi; lakini redio haina sumu hiyo, msiogope kusikiliza.) Tangu mwaka 1922 rediamu nyingi ya dunia ilitokana na mawe ya Shinkolobwe, Katanga, nchi ya Kongo. Ikiingia mwilini hukaa katika mifupa kama chokaa, na kuipiga mionzi usiku na mchana. Wasichana wa Marekani waliopaka rediamu kwenye nyuso za saa, wakichonga ncha za brashi kwa midomo yao, walioza mataya na kupata saratani ya mifupa, wengine baada ya miaka mingi.

Ili kujua ni kiasi gani kinachodhuru, tangu mwaka 1952 Chuo Kikuu cha Utah kiliwadunga mbwa wadogo wa kuwindia sungura rediamu na plutoniamu, kikawatazama mpaka kufa kwao. Mbwa hao huishi hata miaka 12 au zaidi, kwa hiyo kazi ilichukua miaka mingi sana. Iligunduliwa kwamba dawa ikiwa kidogo saratani huchelewa zaidi kutokea, na ya kwamba plutoniamu, kwa kuwa hukaa juu ya uso wa mfupa, ina hatari kuliko rediamu. Hatuwezi kusema kwamba mbwa wale walitendewa wema. Lakini vipimo viwalindavyo wafanya kazi vilitoka kwao pia.

Albers-Schönberg alikatwa mkono, akafa mwaka 1921 kwa mionzi ile ile. Bergonié naye, mwaka 1925. Mwaka 1936 lilisimamishwa jiwe la ukumbusho huko Hamburg, likiwa na majina 169 ya waliokufa hivyo. Miaka ile ya baada ya 1920 huko Paris, Claudius Regaud aliwapiga kondoo dume mionzi, akaona kwamba ikigawanywa siku nyingi huziua chembe zijigawazo na ngozi ikasalimika. Ndiyo sababu mgonjwa wa saratani huitwa hospitali siku kwa siku, majuma mengi, apate kidogo kidogo kile ambacho mtambo ungeweza kumpa kwa mara moja.