Nani Anatunza Batli ya Kontena?

Hebu ingia kwenye nodi ya klasta ya Kubernetes iliyosimikwa miaka hii ya karibuni, kisha andika `docker logs`. Kuna uwezekano mkubwa utajibiwa kwamba amri hiyo haipo. Wakati huohuo mafunzo kibao mtandaoni bado yanakuambia uanze nayo. Imekwenda wapi?

Tuwekane sawa kwanza. Kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na kila inachohitaji ili iendeshwe popote. Nodi ni kompyuta moja ndani ya klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Logi ni maneno ambayo programu inayaandika kuhusu shughuli zake: nimewaka, nimepokea ombi, hifadhidata imenikatalia, nazima. Swali ni moja tu: kontena likishasema maneno hayo, nani anayatunza? Jibu limebadilika mara kadhaa, na kila lilipobadilika kuna watu walijikuta wanatafuta logi mahali ambapo hazipo.

Neno lenyewe limetoka kwa mabaharia. Log kwa Kiingereza ni gogo. Mwaka 1574 Mwingereza William Bourne alieleza, katika kitabu chake cha ubaharia, namna ya kupima mwendo wa meli kwa kutupa kipande cha mti nyuma yake kikiwa kimefungwa kamba. Baadaye kamba ikapigwa mafundo, na baharia akawa anahesabu mangapi yanampita mkononi hadi mchanga wa chupa uishe, karibu nusu dakika. Hesabu ziliandikwa daftarini, daftari likarithi jina la gogo. Kiswahili kina neno lake la pwani: batli, daftari la safari la nahodha. Kwa maoni yetu lingefaa kabisa kwenye kompyuta, ila mafundi wameshazoea kusema logi, basi twende nao.

Sasa turuke hadi maabara ya Bell Labs, Marekani, ilikozaliwa Unix. Unix iliipa kila programu mlango mmoja wa kuingiza na mmoja wa kutoa. Mwaka 1973 likaja bomba, wazo la Doug McIlroy: kinachotoka kwenye programu moja kinaingia moja kwa moja kwenye nyingine. Jambo zuri, lakini lilikuja na kero. Malalamiko ya programu yalipitia mlango uleule wa matokeo. Ukiwa unapanga orodha ya majina kwa alfabeti, ujumbe wa kosa nao unaingia foleni na kupangwa katikati ya majina! Watu walivumilia hadi baada ya toleo la 6 la mwaka 1975, Dennis Ritchie alipoongeza mlango wa makosa peke yake. Huo ndio stderr, na ule wa matokeo ni stdout. Shika majina haya mawili.

Lakini zipo programu zinazofanya kazi kimyakimya, bila mtu wa kuzitazama kwenye skrini. Miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwa anaunda mfumo wa barua pepe wa Sendmail, aliandika pia syslog: karani mmoja wa kompyuta nzima. Kila ujumbe ulipewa uzito, kuanzia 0, mfumo hautumiki kabisa, hadi 7, maelezo madogomadogo ya fundi. Ilienea kwa mazoea tu. RFC ya kwanza ya kuieleza ilitoka 2001. Kizazi kizima cha mafundi kikakua kikijua kwamba mambo yakiharibika unakimbilia `/var/log`.

Kontena likavuruga mpango huo. Lina mafaili yake ndani, na likifutwa yanaondoka nalo. Programu ikiandika logi ndani ya kontena, ni sawa na nahodha aliyezama na batli yake. Mwaka 2011 Adam Wiggins na wenzake wa Heroku walikuwa wameshatoa kanuni 12 za programu za mtandaoni, na ya 11 ilisema programu isihangaike na mafaili ya logi hata kidogo. Iseme kupitia stdout, anayeiendesha ndiye atunze. Docker, iliyoonyeshwa hadharani Machi 2013, ilifanya kazi kwa mtindo huo. Ilikaa mlangoni mwa kontena, ikasikiliza stdout na stderr, ikaandika kila mstari kwenye faili la JSON chini ya `/var/lib/docker/containers`. Amri ya `docker logs` ilikuwa inakusomea faili hilo tu. Tatizo ni kwamba usipoweka ukomo mwenyewe, faili halina ukomo. Programu moja yenye domo iliweza kujaza diski ya nodi, na diski ikijaa hata wasiohusika wanaanguka.

Google ilitangaza Kubernetes Juni 2014. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Mwanzoni kazi ya kuendesha makontena iliachiwa Docker. Desemba 2016, toleo la 1.5 likaleta CRI, mkataba wa mazungumzo kati ya kubelet, wakala anayekaa kwenye kila nodi, na chombo chochote cha kuendesha makontena. Docker haikuongea lugha hiyo, kwa hiyo Kubernetes ikalazimika kubeba mkalimani aitwaye dockershim. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba mkalimani ataondolewa, na mitandaoni ikawa taharuki. Sehemu kubwa ya taharuki ile haikuwa na msingi. Picha za kontena zilizotengenezwa kwa Docker ziliendelea kufanya kazi, na hata ndani ya Docker kazi nzito ilikuwa inafanywa na containerd, ambayo ndiyo iliyobaki kwenye nodi nyingi. Mei 2022, toleo la 1.24, mkalimani akaondoka. Walioumia ni waliozoea kuingia kwenye nodi na kuandika `docker ps`, pamoja na programu zilizokuwa zinachota logi kutoka kwa Docker moja kwa moja.

Logi ziko wapi leo? Angalia `/var/log/pods`. Kila podi, yaani fungu dogo la makontena yanayoishi pamoja, ina saraka yake, ndani yake saraka ya kila kontena, ndani yake faili kama `0.log`. Hiyo namba inahesabu mara ambazo kontena limeanzishwa upya, kwa hiyo ukikuta `7.log` ujue kuna mgonjwa. Mstari wenyewe unafanana na huu:

`2024-05-14T18:02:11.512348901Z stderr F hifadhidata haipatikani`

Muda, mlango, herufi, ujumbe. Mlango wa Ritchie huo hapo, miaka karibu 50 baadaye. F ni mstari uliotimia. P ni kipande cha mstari mrefu uliokatwa. Na uangalie saa: seva nyingi huwekwa UTC, kwa hiyo 18:02 hapo ni saa 3:02 usiku Nairobi au Dar es Salaam. Usiku wa dharura hesabu hiyo inapoteza watu kabisa.

Kwa siku za kawaida `kubectl logs` inatosha, na wala huhitaji kuingia kwenye nodi. Lakini fuata njia yake: inauliza seva ya API, seva inauliza kubelet, kubelet inafungua faili. Kwenye klasta iliyojengwa kwa kubeadm, seva ya API yenyewe ni kontena. Ikianguka, `kubectl` haina wa kumuuliza, na sababu ya kuanguka imeandikwa kwenye logi ambayo `kubectl` haiwezi kuifikia. Hapo ndipo unaingia kwenye nodi kwa SSH:

`sudo crictl ps -a | grep apiserver`
`sudo crictl logs <kitambulisho>`

Usisahau `-a`, maana bila hiyo unaonyeshwa makontena yaliyo hai tu, na unayemtafuta amekufa. Hata `crictl` ikikwama, `tail` kwenye faili lenyewe inatosha.

Nodi ina faida nyingine. Kubelet hukata faili likifika MiB 10 na kutunza mafaili 5 kwa kila kontena, lakini `kubectl logs` husoma la mwisho tu. Ukiona historia inaanza ghafla dakika chache zilizopita, ya nyuma inaweza kuwa bado ipo kwenye saraka ileile, imebanwa kwa `.gz`, na `zcat` itakufungulia. Podi ikifutwa, saraka yake inafutwa pia. Ikifika hapo hata mwenye ufunguo wa nodi amechelewa, labda iwe Fluentd au mwenzake alikuwa ameshayasoma mafaili hayo na kuyapeleka kwingine.