Ben Jipcho: Kutoka Mfungua Njia Hadi Bingwa

Huku Kiuyu, kaskazini mashariki ya Pemba, mtoto hapewi usukani siku ya kwanza anapoingia chomboni. Hupewa kata, afue maji yanayopenya kati ya mbao, huku nahodha akitazama upepo. Mfua maji huijua safari nzima, mwamba kwa mwamba, lakini samaki wakishushwa pwani watu humpongeza nahodha. Kila nikisoma habari za Ben Jipcho, mwanariadha wa Kenya, humkumbuka mtoto huyo mwenye kata.

Jipcho alizaliwa mwaka 1943 katika eneo la Mlima Elgon. Dunia ilimwona tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, kwenye fainali ya Olimpiki ya mita 1,500, na ilimwona kwa dakika moja tu. Matumaini ya Kenya siku ile yalikuwa kwa Kipchoge Keino, askari polisi aliyekuwa akiumwa nyongo hata madaktari wakamkataza kukimbia. Siku chache nyuma, katika mita 10,000, maumivu yalikuwa yamemwangusha uwanjani. Mpinzani wake alikuwa Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia ya 3:33.1. Ryun alikuwa hatari mwishoni. Ukimwachia mbio za polepole, ukafika naye mita 300 za mwisho mkiwa bega kwa bega, umekwisha.

Basi mbio zisiwe za polepole. Bastola ilipolia, Jipcho alichomoka mbele kama anayekimbia mita 400, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako pumzi yenyewe ni ya kutafuta. Keino akapokea uongozi, akapita mita 800 kwa 1:55.3. Ryun alipoanza kuvuta, pengo lilikuwa limeshakuwa bonde. Keino alishinda kwa 3:34.9, karibu sekunde 3 mbele ya Mmarekani. Na Jipcho? Wa kumi. Miaka ilipopita alimwomba Ryun radhi kwa kazi aliyoifanya siku ile. Kwangu mimi hakuwa na deni kwa Ryun. Kenya ndiyo iliyokuwa na deni kwake.

Kumgeuza mtu wa kazi fupi kuwa mtu wa kazi nzima si jambo dogo, na si riadha peke yake inayolijua hilo. Katika besiboli ya Marekani kuna mrushaji anayeanza mchezo na kuna anayeitwa mwishoni kuulinda ushindi. Huyu wa mwishoni hurusha kwa nguvu zote, kwani kazi yake ni ya dakika chache. Wa kuanza hukutana na wapigaji walewale mara mbili, mara tatu, kwa hiyo lazima abane nguvu na awe na mitupo ya namna nyingi, wasije wakamzoea. Derek Lowe wa Boston Red Sox aliokoa mechi 42 mwaka 2000 kwa kuingia mwishoni. Mwaka 2002 alikabidhiwa mpira tangu mwanzo, akashinda mechi 21. Mkono ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni hesabu ya nguvu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomchukua Jipcho miaka. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mbio hizi hazimsamehe mwenye papara: viunzi 28 vya mbao nzito visivyoanguka ukivigonga, na mara 7 kuruka dimbwi la maji. Anayemaliza miguu mapema hujikwaa kwenye kiunzi cha mwisho mbele ya macho ya watu wote. Hapo ndipo mfungua njia alipojifunza ubahili. Ikaja Munich mwaka 1972. Jipcho ndiye aliyekuwa mzoefu wa viunzi. Keino alizijaribu mbio hizo akiwa karibu mgeni. Keino akachukua dhahabu kwa 8:23.6, Jipcho akamfuata kwa sekunde moja. Fedha tena, na safari hii nyuma ya mtu yuleyule aliyemfungulia njia Mexico City.

Januari 1973, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, Jipcho alishinda mita 5,000, na pia alishinda viunzi kwa 8:20.8, sawa na rekodi ya dunia. Juni mwaka huohuo, mjini Helsinki, akaivunja kwa 8:19.8. Siku nane baadaye, katika mji uleule, akakimbia 8:14.0. Kuvunja rekodi yako mwenyewe kwa karibu sekunde 6 ndani ya siku nane ni jambo la kumfanya msomaji arudie kusoma. Miguu ile haikuota mwaka ule. Ilikuwepo tangu Mexico City, ila hakuna aliyeiambia ifike mwisho.

Mwanzoni mwa mwaka 1974 alikwenda Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alishinda viunzi. Alishinda mita 5,000 kwa 13:14.4, akimzidi Brendan Foster wa Uingereza kwa sehemu mbili tu za kumi za sekunde, ushindi wa mtu aliyejiwekea akiba hadi hatua ya mwisho. Ikabaki mita 1,500, tarehe 2 Februari. Safari hii aliyechomoka mbele alikuwa kijana wa Tanzania, Filbert Bayi, naye hakuwa akimfungulia njia mtu yeyote. Aliongoza tangu mwanzo hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. John Walker wa New Zealand alikuwa wa pili, Jipcho wa tatu kwa 3:33.16, kasi kubwa kuliko ile iliyompa Keino dhahabu Mexico City.

Jipcho aliondoka Christchurch na medali tatu: dhahabu mbili na shaba moja.