Jivu Lililopakiwa Treni

Mwaka 1756, Mswidi Axel Cronstedt alipasha jiwe moto, likatoa mvuke kana kwamba linachemka. Akaliita zeolaiti, kwa Kigiriki "jiwe lichemkalo". Maji yalikuwa yamejificha ndani ya vitundu vidogo mno. Vitundu hivyohivyo hunasa risasi na amonia zilizomo kwenye maji machafu.

Mwaka 1985, watafiti Höller na Wirsching walionyesha kuwa jivu la makaa ya mawe, taka ya mitambo ya umeme, laweza kugeuzwa zeolaiti. Jivu hilo lina silika na alumina. Ukilipasha moto pamoja na maji na sodiamu hidroksaidi kwa saa kadhaa, viwili hivyo huyeyuka, kisha hujipanga upya kuwa fuwele zenye vitundu.

Nikifika hapa katika historia hii, husita. Tarehe 22 Desemba 2008, miaka 23 baadaye, kingo za bwawa la jivu zilibomoka Kingston, Tennessee, Marekani. Zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope zilimwagika. Sehemu kubwa ya jivu lililozolewa ilipakiwa kwenye treni hadi dampo la Uniontown, Alabama, mji maskini ambao wakazi wake wengi ni Weusi.

Kugeuza jivu kunahitaji kemikali na nishati, na vyote hulipiwa. Dampo nalo lina gharama yake, ila bili hupelekwa kwa jirani asiyeulizwa. Kemia ilishajibu jivu laweza kuwa nini. Limwagwe kwa nani, hilo liliamuliwa nje ya maabara.