Mzee anapopiga kelele usiku: kuwatunza wenye demensia katika nyumba za wazee

Demensia ni hali ambayo ubongo huharibika polepole, mtu akapoteza kumbukumbu, maneno na uwezo wa kujihudumia. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo chake kikubwa. Kiharusi pia huileta. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wanaoishi nayo, wengi wao katika nchi maskini na zenye kipato cha kati. Ni ugonjwa, si uchawi. Kwetu Congo hilo lazima lisemwe, maana kuna wazee waliofukuzwa nyumbani kwa sababu tu walisema peke yao gizani.

Wengi wetu huwatunza wazazi nyumbani. Katika Ulaya wagonjwa wengi huishia katika nyumba za wazee, na kwa hiyo makosa ya utunzaji na njia za kuyarekebisha yamechunguzwa zaidi huko. Nyumba ndogo ya wazee inayoangaliwa na kanisa hapa kwetu inaweza kujifunza mengi bila kutumia fedha nyingi.

Kosa kubwa lilikuwa kumnyamazisha mgonjwa kwa dawa kali za magonjwa ya akili. Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti: watu kama 180,000 wenye demensia walikuwa wakipewa dawa hizo kwa mwaka, kama 36,000 tu ndio walipata nafuu, na vifo vya ziada vilikadiriwa kufika 1,800.

Basi, mzee anapopiga kelele au kumpiga anayemwogesha, tuulize kwanza: anaumwa wapi? Hawezi tena kusema kwamba jino, goti au tumbo linamuuma. Huko Norway watafiti walifuata wagonjwa 352 katika nyumba 18 za wazee. Nusu walitibiwa maumivu kwa utaratibu kwa wiki nane, wengi wao kwa parasetamoli tu. Fujo ilipungua waziwazi. Matibabu yalipoachwa, ikaanza kurudi. Parasetamoli inapatikana karibu kila kituo cha afya, ila kipimo chake kiamuliwe na muuguzi. Aangalie pia kiu, kufunga choo, maambukizo ya mkojo, na masikio yaliyoziba. (Mara ngapi tumemwita mkaidi mtu asiyesikia?)

Jambo la pili ni kumjua mtu mwenyewe. Tom Kitwood, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bradford, alitetea hilo katika kitabu chake cha 1997: mgonjwa anabaki mtu, na namna anavyotendewa inaweza kumwinua au kumharibu zaidi. Baadaye, katika nyumba 69 za wazee za Uingereza, wahudumu walifundishwa kumhudumia kila mtu kwa kufuata maisha na mapenzi yake, wakilenga kumpa saa moja ya mazungumzo au shughuli kwa wiki. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba maisha ya wagonjwa yalikuwa bora na fujo ilipungua.

Saa moja kwa wiki! Mhudumu aiulize familia: mama huyu alilima nini, aliuza nini sokoni, aliimba katika kwaya gani, anaitwaje na wajukuu? Majibu yaandikwe, yawekwe karibu na kitanda. Akimwita mumewe aliyekufa zamani, msibishane naye. Mwambieni awasimulie habari zake.