Filolojia, Mtihani na Sikio la Mtahiniwa

Mwaka 1887 palizuka katika Chuo Kikuu cha Oxford mjadala mkali kuhusu pendekezo la kuanzisha shahada ya Kiingereza. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwa Edward Freeman, profesa wa historia. Hoja yake haikuwa kwamba fasihi haina thamani, bali kwamba haitahiniki. Ladha ya msomaji, kwa maoni yake, haipimwi kwa alama. Ujuzi wa lugha hupimwa. Pendekezo hilo lilianguka. Shahada ilipokubaliwa hatimaye mwaka 1894, ilikuja ikiwa imefungamanishwa na filolojia, yaani uchunguzi wa historia ya lugha kupitia matini kongwe. Aghalabu tukio hilo huelezwa kama ushindani wa lugha na fasihi. Yamkini ni sahihi zaidi kulieleza kama sura ya historia ya mtihani: filolojia ilipewa nafasi kubwa kwa kuwa ilimpa mtahini jibu aliloweza kulisahihisha bila wasiwasi.

Kujiandaa kwa mtihani wa namna hiyo kulikuwa kazi nzito, na si haki kuidharau. Mwanafunzi alishika kitabu cha Henry Sweet cha matini za Kiingereza cha Kale, kilichotoka mwaka 1876, akazoea maumbo ya nomino na vitenzi, kisha akaingia katika kanuni za mabadiliko ya sauti. Kanuni ya Grimm ya mwaka 1822 ilimwonyesha kwamba p ya Kilatini katika pater na piscis inalingana na f ya father na fish, na t ya tres inalingana na th ya three. Hadi hapo mtu mwenye kumbukumbu nzuri hakuwa na shida. Ugumu ulianzia kwenye maneno ya baba na ndugu. Kilatini kina t katika yote mawili, pater na frater. Kiingereza cha Kale kina d katika fæder, lakini kina sauti ya th katika brōþor. Anayetazama tahajia ya leo haoni tatizo lolote, maana father na brother yalikuja kufanana baadaye. Ufumbuzi ulitolewa na Mdenmaki Karl Verner mwaka 1877. Katika Kisanskriti mkazo huangukia silabi ya mwisho ya pitár na silabi ya kwanza ya bhrā́tar. Mahali pa mkazo huo wa kale, ambao jamii ya lugha za Kijerumani ilikuwa imekwisha kuupoteza, ndipo palipoamua hatima ya konsonanti iliyofuata.

Mwanafunzi aliyeifahamu hoja ya Verner alikuwa ameonja namna sayansi ya lugha inavyofikiri. Aliyeikariri tu aliweza kuandika jibu lile lile na kupata alama zile zile. Freeman alitaka kitu kinachopimika. Hakuuliza kinachopimwa ni nini hasa.

Mfumo huu haukubaki Uingereza. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilitoa shahada za nje kwa watahiniwa wasiokanyaga madarasa yake. Mwaka 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na chuo hicho, na Nairobi ikafuata mwaka 1961. Uhusiano huo uliruhusu marekebisho kadha wa kadha ya mtaala, lakini kiwango kilichotambuliwa kilikuwa cha London hadi kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963. Pamoja na shahada ulikuja mkabala mzima: kwamba Kiingereza kina historia inayostahili kutahiniwa, na kwamba historia hiyo imo vitabuni, mbali na kinywa cha mtahiniwa.

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Chukua mwanafunzi msemaji wa Gĩkũyũ. Kiti chake ni gĩtĩ, lakini mlima wake ni kĩrĩma. Kiambishi ni kile kile, ila k hugeuka kuwa g pale silabi inayofuata inapoanza na konsonanti kama t au k. Jina la lugha yenyewe, Gĩkũyũ, linaitii kanuni hiyo. Carl Meinhof aliipa jina la Kanuni ya Dahl mwaka 1903, yaani zaidi ya nusu karne kabla ya Nairobi kufungamana na London. Na mwanafunzi huyo huyo akiweka njĩra yake kando ya njia ya Kiswahili, anaona wazi konsonanti iliyodondoka upande mmoja na kubaki upande wa pili. Hii ni filolojia kamili, haipungukiwi na ile ya Grimm, tena aliizungumza kabla hajajua kusoma. Katika karatasi ya Kiingereza, hata hivyo, haikuwa na alama.

Mnamo Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe. Wahakiki wameushughulikia sana waraka huo kwa upande wa fasihi, na hiyo ni haki yake. Kilichosahauliwa ni karatasi ya lugha. Fasihi ilipata idara yake, nayo isimu ikaenda katika Idara ya Isimu na Lugha za Kiafrika, ambako lugha za Kiafrika zilipata hadhi ya kuwa somo. Isimu ya Kiingereza nayo ilibadilika: Grimm na Verner wakapungua, fonetiki na sintaksia zikaongezeka. Lakini kigezo cha matamshi kilibaki kile alichokieleza Daniel Jones katika kamusi yake ya mwaka 1917, matamshi ya waliosomea shule za bweni za kusini mwa Uingereza. Wakenya wengi hutamka bird, bud na bad kwa irabu moja iliyo karibu na a. Mtahiniwa anayetakiwa kuyanukuu maneno hayo kwa alama tatu tofauti za irabu hukariri orodha usiku wa kuamkia mtihani, kama babu yake wa kitaaluma alivyokariri fæder na brōþor. Na swali ambalo lingemtaka aeleze jinsi irabu hizo tatu zilivyokuja kuwa moja kinywani mwake halina jibu katika kamusi ya Jones.