Historia ya Mfuko Ninaouvaa

Somo la historia nililolifundisha kwa miaka mingi lilijaa wafalme, vita na mikataba. Mwanafunzi aliyetoka darasani kwangu aliweza kutaja Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 bila kusita. Lakini hakuna muhtasari wa masomo uliopata kunitaka nifundishe historia ya matumbo ya watu, wala chuoni tulikosomea ualimu hakuna aliyetudokezea kwamba historia hiyo ipo. Leo, nikiwa mzee mstaafu niliyevuka miaka sabini, nathubutu kusema kwamba ipo, ina mashujaa wake, na mimi ni mmoja wa waliorithi matunda yao. Chini ya shati langu, upande wa kulia wa kitovu, pana kipande cha utumbo mwembamba kilichotokezwa nje, na juu yake nimevaa mfuko. Nimeuvaa tangu mwaka 2005. Namwomba msomaji asione haya kusoma habari hizi, kama nami nisivyoona haya kuziandika.

Ugonjwa wenyewe, kwa Kiswahili chepesi, ni vidonda vya utumbo mpana. Jina hili limenitaabisha sana, kwani watu wakisikia neno vidonda hufikiri mara moja vidonda vya tumbo, vile vya asidi, na hukushauri unywe maziwa na kuacha pilipili. Haya ni maradhi mawili tofauti. Katika ugonjwa wangu, kinga ya mwili huushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana. Uvimbe huanzia mwisho wa utumbo, karibu na njia ya haja kubwa, na kupanda juu bila kuruka sehemu. Utando huchubuka na kuvuja damu. Mgonjwa huhara damu na kamasi, mara kumi au zaidi kwa siku, na damu yake hupungua hata akipanda ngazi chache moyo humwenda mbio.

Jina la maradhi haya liliingia katika maandishi ya tiba kwa njia ya ajabu, yaani kupitia mahakama. Mwaka 1859 huko Uingereza alifariki mwanamke aitwaye Isabella Bankes baada ya kuhara na kutapika kwa muda. Mwanamume aliyekuwa akiishi naye, daktari Thomas Smethurst, alishtakiwa kwamba amempa sumu, akahukumiwa kunyongwa. Daktari Samuel Wilks wa Hospitali ya Guy's, London, aliuchunguza utumbo wa marehemu, akaeleza kwamba alichokiona ni ugonjwa. Smethurst alisamehewa hukumu ile ya kifo, ingawa alifungwa kwa kosa la kuoa mke wa pili huku wa kwanza yu hai. Wataalamu wa baadaye wamebishana kama Bankes alikuwa na ugonjwa huu hasa au ndugu yake wa karibu. Hata hivyo, historia ya maradhi yangu huanza kuhesabiwa hapo, katika kesi ambayo ujinga wa madaktari ulikaribia kumpeleka mtu kwenye kitanzi.

Kwetu Afrika Mashariki ujinga huo ulichukua sura nyingine. Hapa mtu akihara damu, watu hufikiri amiba, au kuhara damu kwa bakteria, au kichocho cha tumbo. Wala si ajabu, maana hayo ndiyo yaliyojaa. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda hadi miaka ya 1960, aliandika baadaye kwamba maradhi mengi ya utumbo mpana yaliyoenea Ulaya yalikuwa adimu vijijini Afrika, na sababu akaiona katika vyakula vyetu vyenye makapi. Maneno yake yalikuwa na msingi. Lakini jambo likiwa adimu, atakayelipata hupata shida mara mbili: shida ya ugonjwa na shida ya kutoaminiwa kwamba anao.

Mimi nilianza kuona damu mwaka 1997, nikiwa mkuu wa shule ya sekondari. Katika zahanati moja nilipewa dawa ya amiba. Nilipata nafuu wiki mbili, damu ikarudi. Nikapewa tena. Kwa miaka minne nilimeza dawa ile mara nyingi kiasi kwamba ulimi wangu uliujua uchungu wake kabla sijafungua pakiti. Nilijua idadi ya hatua kutoka kila darasa hadi chooni. Katika mikutano ya wakuu wa shule niliketi karibu na mlango. Nikisafiri kwa basi sikula tangu jana yake. Ni mwaka 2001, katika hospitali ya rufaa, ndipo mpira mwembamba wenye taa ulipopitishwa ndani ya utumbo wangu, vinofu vikakatwa na kupimwa, na daktari akanitajia jina la ugonjwa. Nilishukuru. Adui akijulikana, vita huwa nusu.

Dawa nilizopewa nazo zina historia. Salfasalazini ilitokana na kazi ya daktari mwanamke wa Stockholm, Nanna Svartz, ambaye alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi ya viungo, akaona kwamba inawafaa wagonjwa wa utumbo. Ya pili, prednisoloni, ni ya ukoo wa kotizoni. Mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walitangaza matokeo ya jaribio lao kwa wagonjwa 210: wengine walipewa kotizoni na wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopata kotizoni walitulia wengi zaidi. Jaribio hilo liliokoa maisha ya watu wengi, na yangu pia kwa muda. Lakini dawa za ukoo huo hazikopeshi bure. Uso wangu ulivimba, sukari ikapanda, usingizi ukapotea, na kila tulipopunguza kipimo damu ilirudi.

Mapema mwaka 2005 daktari aliniita pamoja na mke wangu. Alisema, "Mwalimu, vinofu vya safari hii vinaonyesha chembe zimeanza kubadilika tabia. Sio saratani, lakini ndiyo njia inayoelekea huko." Alieleza kwamba ugonjwa huu ukikaa utumboni zaidi ya miaka minane au kumi, hatari ya saratani huongezeka, hasa kama utumbo wote umeathirika kama wangu. Akashauri utumbo mpana wote uondolewe, tangu mwanzo wake hadi njia ya haja. Haja kubwa itoke tumboni, katika mfuko, maisha yangu yote.

Nilirudi nyumbani kimya. Kaka yangu mkubwa alipopata habari alikuja kutoka kijijini, akasema, "Mtu hukatwa kidole akaishi. Utumbo nao hukatwa?" Akanitajia mganga. Shemeji yangu naye aliuliza kwa upole kama nitaweza tena kusimama mbele ya wanafunzi. Mimi mwenyewe nilikuwa na swali ambalo sikulitoa hadharani. Mimi ni Mwislamu. Tohara ya mwili ni mlango wa sala. Nitasali vipi nikiwa nimebeba kitu kile kiunoni?

Nilimwendea sheikh wa mtaa wetu baada ya Alasiri. Hakucheka, wala hakuhitaji kufikiri sana. Alisema, "Mwalimu, wewe utakuwa mwenye udhuru wa kudumu. Wakati wa sala ukiingia, jisafishe, tawadha, sali. Kitakachotoka baada ya hapo si juu yako. Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake." Jioni ile nilimweleza mke wangu. Naye akanijibu maneno ambayo sitayasahau: "Mimi nimefua damu miaka minane. Mfuko hautanishinda."

Kabla ya kuamua nilimwomba daktari anieleze habari za upasuaji huo tangu ulipoanza, kwani mwalimu wa historia hawezi kupanda chombo asichojua kimetoka bandari gani. Mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye. Mwaka 1913 John Young Brown, mpasuaji wa St. Louis huko Marekani, alieleza namna ya kuutoa nje utumbo mwembamba ili utumbo mpana upumzike. Wazo lilikuwa jema, lakini wagonjwa waliteseka. Maji ya utumbo, yaliyojaa vimeng'enya vya kuyeyushia chakula, yaliila ngozi kama yanavyoila nyama. Mifuko ya kufaa haikuwepo. Madaktari walisubiri hadi mgonjwa awe mahututi ndipo wampasue, na wengi walikufa. Basi watu wakasema upasuaji ndio unaoua.

Mabadiliko makubwa yalitoka Birmingham mwaka 1952. Mpasuaji Bryan Brooke alifanya jambo ambalo mshonaji yeyote wa nguo angelielewa: aliuvuta utumbo nje kidogo, akaukunja kama upindo wa mkono wa shati, akaushona. Utumbo ukachomoza kama mdomo wa birika, na uchafu ukadondokea mfukoni bila kugusa ngozi. Upasuaji wangu mwaka 2005, zaidi ya miaka hamsini baadaye, ulifuata upindo uleule.

Miaka hiyohiyo nao waliovaa mifuko na waliowauguza walianza kusema. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alibuni mfuko mwepesi wa plastiki wenye gundi kwa ajili ya dada yake aliyeogopa kutoka nje ya nyumba. Mwaka 1956 wagonjwa wa Uingereza waliunda chama chao. Mwaka 1958, huko Cleveland, Marekani, daktari Rupert Turnbull alimwajiri Norma Gill, mwanamke aliyekuwa yeye mwenyewe ametolewa utumbo kwa ugonjwa huuhuu, ili awafundishe wengine. Kutoka kwake ulizaliwa uuguzi maalumu wa fani hii. Mwenye kuvaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana, na safari hii waganga walimsikiliza.

Daktari alinieleza pia njia ya pili. Mwaka 1978 Alan Parks na John Nicholls wa Hospitali ya St Mark's, London, walitangaza namna ya kutengeneza kibofu cha ndani kwa utumbo mwembamba na kukiunganisha na njia ya haja, ili mgonjwa asivae mfuko. Ni kazi nzuri, na leo hufanywa katika nchi nyingi. Lakini kwa wakati ule ingenilazimu kwenda India, kupasuliwa zaidi ya mara moja, na kuishi na uwezekano wa kibofu hicho kuvimba. Nilikuwa na miaka hamsini na mitano, watoto wawili wakiwa bado shuleni, na akiba ya mwalimu. Nilichagua njia fupi iliyonyooka. Sijasema ndiyo bora kwa kila mtu. Nasema niliipima kwa mizani ya maisha yangu.

Nilipasuliwa mwezi wa Juni. Siku ya tatu maji ya kijani yalitoka mfukoni na muuguzi akashangilia, akasema utumbo umeamka. Mimi niligeuza uso. Siku ya tano alinikabidhi mkasi, akasema, "Leo Mwalimu ni mwanafunzi." Nilijifunza kupima tundu, kukata gundi isizidi wala kupungua, kuosha kwa maji ya vuguvugu na kukausha. Kidonda cha nyuma, palipokuwa njia ya haja, kilichukua zaidi ya miezi miwili kupona, na kukaa kwenye kiti kulikuwa adhabu.

Fundisho kubwa lilikuwa chumvi. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji na chumvi; usipokuwepo, vyote humwagika. Wiki ya tatu nilipoteza maji mengi hata miguu ikakakamaa na macho yakaona giza. Kilichoniinua ni mchanganyiko wa chumvi na sukari katika maji, dawa ileile ambayo uwezo wake juu ya kipindupindu ulionyeshwa Dhaka mwaka 1968, na ambayo kila mama hapa kwetu humpa mtoto anayehara. Tangu hapo uji wangu hautengani na chumvi. Daktari alinikataza kufunga Ramadhani ya mwaka ule, sheikh akaniambia nitoe fidia, nikatii wote wawili.

Septemba nilirudi shuleni. Uzito ulikuwa umeanza kurudi, na vidonge vya prednisoloni nilikuwa nimeviacha pole pole hadi mwisho. Nilisimama mkutano wa asubuhi tangu mwanzo hadi mwisho bila kutazama mlango, jambo ambalo sikuwa nimeliweza kwa miaka minane. Matatizo hayakukosekana. Mifuko haikupatikana mjini kwetu. Niliagiza Dar es Salaam, na ilipokosekana huko, Nairobi. Mara mbili imevuja hadharani. Nimebadili shati, maisha yakaendelea. Mwaka 2010 nilistaafu kwa umri, si kwa maradhi.

Mwaka 2020 dunia ilimsikia Shinzo Abe, waziri mkuu wa Japani, akijiuzulu kwa sababu ya ugonjwa huuhuu, ambao ulichangia pia kumwondoa madarakani mwaka 2007. Mtu mkubwa wa nchi kubwa aliutaja kwa jina mbele ya kamera. Tangu siku ile watu watatu wamenijia nyumbani, kila mmoja kwa siri yake, kuniuliza kuhusu damu wanayoiona. Nimewaambia maneno mamoja, nami nayaacha hapa. Dawa ya amiba ikishindwa mara mbili, omba upimwe kwa kipimo cha ndani. Ukishauriwa upasuaji, uliza umetoka wapi, uliza njia zote, kisha waulize wale utakaoishi nao. Na mficha uchi, kama walivyosema wahenga, hazai.